Neno la Kona ya Mwisho

"Haya, mimi ndiye mgeni. Nimechoka, magoti yanatetemeka, nataka nikaoge. Niambie."

Mama Makoti alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, amevaa koti nene lililomfika miguuni, alilolichomoa kwenye rundo la makoti yake ya kukodisha, na shingoni amejizungushia skafu ili afanane na mgeni kweli. Mbele yake alisimama mumewe, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Watu wote wa lango la hifadhi walimwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wageni tangu mguu wa mlima mpaka kileleni, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimfukuza.

"Mgeni wetu," akaanza Taratibu.

"Ee."

"Tumefika kona ya mwisho."

"Naiona. Endelea."

"Tunashukuru kwa kutembea nasi." Akatazama dari, akatazama vidole vya miguu yake. "Karibuni tena."

Nyuma ya pazia, mama yake Taratibu aliyekuwa akiwalaza wajukuu wake akacheka kwa pua. "Bado hajasema?"

"Bado, mama. Ndiyo kwanza amenikaribisha tena."

Kona ya mwisho ni pale njia ya mlimani inapopinda kwa mara ya mwisho msituni, na mabati ya lango yanaanza kuonekana chini kati ya miti. Hapo mizigo hutuliwa. Na waongozaji wote wa hifadhi ile wana desturi moja: kiongozi husimama mbele ya wageni wake akawaeleza bakshishi inavyotolewa, mpagazi kiasi gani, mpishi kiasi gani, kiongozi kiasi gani, na kwamba kila mmoja hupewa mkononi mwake mbele ya wenzake, asije mtu akakumbatia cha wote. Husemwa hapo na si langoni, maana langoni magari yanapiga honi, na mgeni akishasikia honi moyo wake umeshafika nyumbani kwake. Wako waongozaji walioligeuza neno hilo kuwa wimbo. Yuko mmoja ambaye hulia, na machozi yake hayajawahi kukosa soko. Taratibu yeye akifika hapo husema asanteni, karibuni tena. Wageni, wakidhani kila kitu kimo kwenye ada waliyolipa kampuni, humshika mkono kwa furaha wakampa vitu.

Vitu hivyo vilijaa nyumba. Tochi za kichwani zisizo na betri zilining'inia ukutani. Juu ya kabati zilipangwa chupa za maji za kila rangi. Kulikuwa na soksi nene zilizokosa wenzake, na miwani ya jua ambayo bibi aliivaa akichambua mchele. Siku moja Mama Makoti alipeleka glavu mpya dukani badala ya fedha ya sukari. Mwenye duka akazivaa, akafungua na kufumba vidole mbele ya watu, kisha akazivua, akaziweka juu ya meza bila neno na kumgeukia mteja mwingine.

"Mimi koti nalitaja bei huku namtazama mtu machoni," akasema Mama Makoti, akijivua skafu. "Wewe kinakushinda nini?"

"Koti ni koti." Taratibu akakaa kitandani. "Mtu nimemshika mkono kwenye utelezi. Nimemfunga kamba za viatu vidole vyake vilipokufa ganzi. Kanihadithia habari za mke wake aliyefariki. Halafu nimgeukie nimwambie, leta?"

"Si leta. Ni desturi."

"Najua ni desturi."

"Na kibali je?"

Wote wawili wakatazama kilipokuwa kibali. Kilikuwa kikadi kidogo chenye picha yake ya zamani, kimetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na muda wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Ada ya kukihuisha hulipwa yote kwa mkupuo. Asiyelipa huacha kuwa kiongozi, na akitaka kupanda mlima tena atapanda na mzigo kichwani, nyuma ya vijana aliowafundisha njia yeye mwenyewe. Safari ya kesho ndiyo pekee iliyobaki kabla ya tarehe hiyo. Makoti nayo yalikuwa yamelala, wageni wa siku hizi wanakuja na yao mapya.

"Nitasema," akasema Taratibu.

"Utasema?"

"Nitasema, mama watoto."

"Mwache alale," sauti ya bibi ikatoka nyuma ya pazia. "Labda ataota anasema. Ukoo wake una ndimi nzito."

"Ukoo wake si ndio wako, mama?"

"Ndiyo maana nalijua tatizo."

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka langoni. Mama Makoti alitundika makoti yake kwenye waya, moja baada ya jingine, nayo yakasimama ndani ya weupe ule kama watu wasio na vichwa wanaosubiri kuitwa. Sauti zilifika kabla ya wenyewe. Ndipo akamsikia mpagazi wa mumewe aliyeitwa Redio, kwa kuwa ulimi wake haukuzimwa.

"Shemeji, Chuma hakuja."

"Anaumwa?"

"Mzima wa afya. Kaenda na timu ya yule anayelia. Anasema kona ya Taratibu ni kavu, mtu unashuka na mgongo unaouma na mfuko unaopiga mbinja."

"Na wewe umebakia kwa nini?"

"Mimi shida yangu ni mdomo. Timu nyingine hazinivumilii."

Mama Makoti akatazama kwenye mizani. Mizigo ilikuwa pale chini: hema, chakula, majiko, mabegi ya wageni. Wageni wenyewe walikuwa wawili, mwanamke wa makamo aliyevaa kila kitu kipya na baba yake mzee aliyeegemea fimbo. Mpishi, mtu mkimya ambaye akisema sentensi mbili kwa siku hujihisi amepayuka, alikuwa ameshajitwika vyombo vyake. Pembeni yao Taratibu alisimama akitazama njia, akimngoja Chuma aliyeshakwenda zake. Pasipo mpagazi wa pili safari haitoki, maana mizani ya lango hairuhusu mtu mmoja kubeba ya wawili. Safari isipotoka, mambo yameishia hapo.

Akamwita jirani yake muuza viatu, akamwachia makoti. Akajifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi iliyokuwa kwenye rundo, akachagua kofia ya sufi, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji," Redio akanong'ona, na kwake kunong'ona kulikuwa kazi, "kampuni haitaki ndugu kwenye timu moja. Tangu yule aliyewaandikisha shangazi zake wote kuwa wapagazi, hata yule wa magongo. Wakijua, kibali hakisubiri mwisho wa mwezi."

"Nani kakwambia mimi ndugu yake?"

Mpima mizigo alimfahamu vizuri sana. Kila msimu wa baridi alichukua koti kwake na kila mara alisahau kulipa. Akamtazama, akatazama mizani, akatazama ukungu. "Uzito uko sawa," akasema. "Pita, mpagazi."

Taratibu aligeuka akamkuta mkewe amesimama na mzigo kichwani. Akafumba macho kidogo, akayafumbua. Bado alikuwa pale.

"Habari za asubuhi, kiongozi," akasema Mama Makoti.

"Nzuri." Akakohoa. "Nzuri, dada. Mzigo si mzito?"

"Si mzito."

"Basi, taratibu."

Alikuwa ameishi chini ya mlima ule tangu aolewe, na hakuwahi kupanda zaidi ya kona ya mwisho. Kila siku aliwaona watu wakiingia kwenye ukungu wakiwa wasafi na kutoka wakiwa na matope, akadhani huko juu ni kupanda tu na kushuka. Sasa miti ilianza kusogea karibu. Kuvumwani za kijani zilining'inia matawini kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Nyayo hazikuwa na sauti. Mzigo ulimkaa shingoni mwanzoni kama kosa, baadaye kama kofia, na baada ya hapo akawa hajui tena kama ni yeye anayeubeba au ni wenyewe unaomvuta juu.

Mbele yake, ukungu ulipofunguka, alimwona mwanamume anayetembea na mzee. Hakumshika. Alitembea nusu hatua nyuma yake, mkono umewekwa hewani karibu na kiwiko cha mzee, haumgusi, kama mtu anayechunga mshumaa usizimike. Mzee aliposimama, naye akasimama, akajifanya kuna kitu anakitazama. Na kweli kilikuwepo. Mara ilikuwa ndege asiyeonekana anayeimba mfano wa mtu anayeuliza swali, mara maji yaliyotoka kwenye jiwe bila kujulikana yalikoingilia.

"Kijana wangu," mzee akasema, pumzi zikimwenda mbio, "tumebakiza sana?"

"Hatujabakiza kitu, mzee. Hapa ulipo ndipo tulipokuwa tunakuja."

Mzee akacheka mpaka akakaa kwenye gogo. Bintiye naye akakaa. Ukungu ukapita katikati yao ukiwafuta na kuwaandika upya. Halafu ukapasuka, na chini yao bonde zima likafunguka mara moja, bichi, linatoa moshi, halina nyumba hata moja. Mzee akavua kofia. Alilitazama mpaka likafunikwa tena, na hata lilipofunikwa hakuondoa macho.

Mama Makoti aliyatazama haya akiwa na mzigo kichwani, akasahau kuutua. Mtu huyu nyumbani huulizwa fedha ya sabuni akatazama dari. Huulizwa karo, akasema tutaona. Hapa hakuulizwa kitu ambacho hakuwa nacho. Akajikuta anamwonea haya, kama msichana anayemwona mwanamume dukani kwa mara ya kwanza. Akaishusha kofia.

"Unaonekana umechoka, dada," Redio akamchokoza akimpita. "Au umempenda kiongozi wetu? Nasikia ana mke mkali."

"Nasikia pia. Nasikia akimkuta mtu mwenye mdomo huwa anaushona."

Kambini jua lilikuwa halijazama, ila hapakuwa na jua, kulikuwa na mwanga tu uliotoka pande zote. Mpishi alikoroga supu. Mama Makoti alikuwa anakaza kamba za hema pale mgeni yule wa kike, ambaye Redio alishampa jina la Bosi kwa kuwa alifanya kazi benki, alipomwita kwa kidole.

"Dada, samahani. Zipu imenigomea, na vidole havifanyi kazi."

Mama Makoti akaingia hemani, akapiga magoti akamfunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Zipu za makoti alizijua. Akamshika vidole, akavisugua, akavipulizia pumzi ya moto mpaka rangi ikarudi. Bosi alimtazama kama mtoto anayefutwa pua. Kisha akachungulia nje, akashusha sauti.

"Nataka kukuuliza kitu, na sitaki kumwudhi kiongozi wenu. Tukishuka kesho, tumpe chochote? Au yote yamo kwenye ile tuliyolipa kampuni? Maana nikimpa mtu anayelipwa vizuri nitamdhalilisha. Na nisipompa mtu anayetegemea, nitakuwa nimemdhalilisha zaidi. Wewe unafanya naye kazi. Niambie tu wazi, nitatoa."

Mlango ndio huo, umefunguliwa mpaka ukutani. Mama Makoti alikiona kibali kwenye msumari wake. Aliziona glavu juu ya meza ya duka. Kutaja bei ndiyo kazi iliyomlea, alikuwa akiitaja hata usingizini. Akafungua mdomo, na vidole vya yule mwanamke bado vilikuwa ndani ya viganja vyake, vimepata joto.

"Hilo," akajisikia akisema, "hilo ni moyo wa mtu, bosi."

"Moyo wa mtu?"

"Mtakavyoona wenyewe."

"Ah." Bosi akapumua. "Basi afadhali. Nilifikiri kuna desturi." Akaanza kutafuta soksi kavu.

Mama Makoti akatoka nje, akauma ulimi mpaka akaonja chumvi. Akachukua ndoo, akaenda kwenye kijito. Taratibu alikuwa huko anajaza chupa za wageni. Wakainama kila mtu upande wake, wamepeana migongo, kama watu wasiojuana.

"Nimeulizwa," akasema Mama Makoti kwenye maji.

"Na nani?"

"Bosi. Kaniuliza wazi, mdomo wake na sikio langu. Tumpe nini kiongozi. Kasema nitaje, atatoa."

Maji yalipita kati ya mawe yakisema maneno yao. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni moyo wa mtu."

Alingoja acheke. Alistahili kuchekwa, na alijua jinsi ambavyo yeye angecheka, na kwa miezi mingapi. Taratibu akafunga kifuniko cha chupa, akaanza kujaza nyingine.

"Ulikuwa umemshika mkono?" akauliza.

"Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikuwa namsugua."

"Basi," akasema Taratibu kwa upole, "ndiyo hivyo."

Alinyanyua chupa zake akapanda, na ukungu ukamchukua kuanzia miguuni. Mama Makoti akabaki na ndoo iliyojaa muda mrefu uliopita. Akawaza maneno yote aliyomwambia mtu yule chumbani, yeye amekaa kwenye kigoda, miaka yote. Akawaza pia kwamba kibali hakihuishwi kwa kuelewana.

Kushuka ni kama kuamka. Kila hatua sauti moja ilirudi: mbwa, shoka, gari la mbali. Ukungu ukabaki juu. Kabla watu hawajawa tayari, njia ikapinda, na mabati ya lango yakaonekana yanang'aa chini kati ya miti.

Wakatua mizigo. Redio alinyamaza, na kimya chake kilisikika. Mpishi akaangalia kucha zake. Mama Makoti alisugua shingo asimtazame mumewe, kwa kuogopa kwamba akimtazama atamfunga ulimi.

Taratibu akasimama mbele ya wageni. "Tumefika kona ya mwisho," akasema. "Tunashukuru kwa kutembea nasi."

Macho yake yakapita juu ya viatu vya Redio vilivyofungwa kwa waya, juu ya mikono ya mpishi yenye makovu ya mafuta, yakafika kwa mpagazi wa kike anayesugua shingo. Hapo yakakaa.

"Kuna neno husemwa hapa," akasema. "Mimi si mzoefu nalo, mtanivumilia. Mabegi haya hayakupanda yenyewe. Hema halikujisimamisha. Kampuni huwalipa watu hawa, ila malipo yenyewe huyaoni ukiyaweka kiganjani. Kinachowafikisha nyumbani ni bakshishi. Desturi yetu mpagazi hupewa hivi." Akataja kiasi, wazi, bila kukitafuna. "Na mpishi hivi. Kila mtu mkononi mwake. Asiyeweza, tutashikana mikono na tutaagana vizuri vilevile." Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Karibuni tena."

Akasogea pembeni, kama mtu aliyemaliza.

Redio akamtazama Mama Makoti, Mama Makoti akamtazama Redio. Lilikuwa limesemwa. Taratibu alikuwa amelisema lote, akamsahau mtu mmoja.

"Kumbe desturi ipo," Bosi akasema, akifungua mkoba, na akamtupia Mama Makoti jicho la kulaumu kidogo. Akampa mpishi, naye akainamisha kichwa. Akampa Redio, naye akatoa shukrani ndefu iliyohusisha wazazi wa Bosi na afya ya gari lake. Akampa Mama Makoti. "Na asante kwa vidole," akasema.

Kisha akamgeukia Taratibu, uso umechangamka, amemshikia kwa mikono miwili fimbo zake mbili za kutembelea, zile za kukunjika, mpya. "Na hizi ni zako, kaka. Wewe hukujitaja, nimeelewa, viongozi mnalipwa. Sikudhalilishi kwa fedha."

"Asante sana," akasema Taratibu, akazipokea kwa mikono miwili.

Mama Makoti akaona fimbo zile zinakokwenda. Zitakwenda kusimama pembeni ya kabati, chini ya tochi. Akamwona na Taratibu mwaka ujao, mzigo kichwani, nyuma ya kijana anayelia. Kwa nafsi yake asingeweza, hilo alilijua tangu jana. Ila huyu hakuwa nafsi yake. Alikuwa kiongozi, na yeye alikuwa mpagazi.

"Na kiongozi," akasema.

Wote wakageuka.

"Kiongozi naye hupewa. Hajajitaja kwa sababu hajui kujitaja, lakini kampuni haimlipi kama mnavyodhani. Hupewa mara tatu ya mpishi."

Redio akapaliwa na hewa. Mpishi akatazama mawinguni.

"Ndiyo desturi?" akauliza Bosi.

"Ndiyo bei," akasema Mama Makoti, akamtazama machoni, akangoja.

Bosi akamtazama baba yake. Mzee alikuwa bado ameutazama mlima, mahali ukungu ulipoanzia. "Mpe, mwanangu," akasema. "Ningetoa hiyo kwa lile bonde peke yake. Na fimbo usimkatie, zile ni zawadi, hazihesabiwi." Halafu akamgeukia Mama Makoti, macho yake yakicheka. "Binti, bwana huyu unamfahamu siku nyingi?"

Redio akawapa mgongo, mabega yanatikisika.

"Tangu jana asubuhi, mzee," akasema Mama Makoti. Na alipolisema akaona kwamba hajadanganya sana.

Gari la wageni lilipokwisha kuondoka na vumbi kukaa chini, Taratibu aliendelea kusimama na fedha mkononi, ameishika kama kifaranga cha mtu mwingine.

"Mara tatu," akasema. "Mara tatu umeitoa wapi? Kiongozi hupewa mara moja na nusu."

"Mimi nakodisha makoti. Nimetaja bei ya kwanza, nikangoja apunguze." Mama Makoti alikuwa bado anashangaa. "Hakupunguza. Nilikuwa na ya pili mdomoni kabisa. Mtu gani haombi apunguziwe?"

"Lazima tuwarudishie."

"Wakimbilie," akasema Redio. "Kwa mwendo wako utawakuta wana wajukuu."

"Si haki, Redio."

"Mzee kasikia bei, kaona mlima, kasema mpe. Haki unayoitaka ni ipi, alie?"

Taratibu akawaza, na alipowaza yeye watu walikaa chini. Hatimaye akaiweka fedha juu ya jiwe, mbele ya wote. Akatenga ya mara moja na nusu akaitia mfukoni. Iliyozidi akaigawa: kwa mpishi, kwa Redio. Kisha akasimama mbele ya mkewe, akampa mkononi fungu sawa na la wenzake, wala si zaidi.

"Ya kwako, dada. Ulibeba."

"Asante, kiongozi."

"Sasa Chuma atarudi," akasema mpishi, na hiyo ikawa sentensi yake ya siku.

Waliondoka langoni mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya macho ya watu, wakakutana nyuma ya duka la viatu. Mama Makoti alikuwa ameshapiga hesabu njiani. Ya Taratibu peke yake haikutosha kibali. Ya kwake peke yake haikutosha kitu. Zikiwekwa pamoja zilitosha, na ikabaki ya sukari ya kununuliwa kwa fedha, juu ya meza, watu wakiona.

Walitembea kuelekea nyumbani. Miguu yao ilikuwa bado inashuka mlima ingawa barabara ilikuwa tambarare.

"Na kona ijayo?" akauliza Mama Makoti. "Mimi siwezi kupanda kila mara. Makoti atayakodisha nani?"

"Ya wapagazi na mpishi nitasema. Hiyo nimeona naweza. Yangu atasema Redio."

"Redio akiumwa?"

"Atasema mpishi."

"Mpishi hasemi."

"Basi siku hiyo nitakosa," akasema Taratibu kwa utulivu kabisa, na Mama Makoti akangoja hasira yake ifike kama kawaida. Haikufika. Akakishika kiwiko chake. Hakukishika hasa, aliuweka mkono hewani karibu nacho.

Bibi alikuwa mlangoni na wajukuu. Mdogo akakimbia mbele, kisha akasimama ghafla katikati ya njia. Alimtazama mtu yule mwenye kofia iliyofika kwenye nyusi, uso wa vumbi, matope mpaka magotini.

"Baba," akauliza, "umekuja na nani?"

Taratibu akachukua muda wake wote. Hata bibi, aliyekuwa amekwisha kufungua mdomo, akaufunga akangoja.

"Huyu," akasema, "ndiye aliyenisemea."